Sifa za Wifi Rukia

Rashidiya, Jumanne, Machi 2016

Na bado anangoja nimshukuru! Wifi Rukia, dada wa mume wangu, aliona udi ninaoupika na kuuza mtandaoni hautoki haraka. Bila kuniambia, akajipa majina ya uongo na kuujaza ukurasa wangu sifa, zote nyota tano. Majina mbalimbali, lakini maoni yote yamekosea neno "mashallah" kwa herufi ile ile anayokosea yeye.

Mteja mmoja akagundua, akaandika: "Muuzaji huyu anajisifu mwenyewe." Tangu hapo hakuna anayeagiza, na walioagiza wanaghairi.

Leo wifi amekuja kunywa chai, nikamuuliza kwa nini alifanya hivyo.

"Mbona wote wanafanya hivyo? Watu wananunua nyota, hawanunui udi."

"Wangu walikuwa wakinunua udi, wifi."

"Basi sikusaidii tena. Khalas!"

Akanuna yeye! Mume wangu naye ananitaka nimwombe radhi, eti ni mkubwa wangu. Siombi.

Naogopa. Nikikosa wateja mpaka Idi, itabidi nirudi kufanya kazi za ndani kwa madam, mwajiri wangu wa zamani, na nilishaapa kwamba...

Jioni wenye tovuti wamefuta maoni yote, ya uongo na ya kweli. Limefutwa hata neno la mteja wangu mmoja, mama wa mtaa wa Al Barsha, aliyeandika kwamba alifukiza udi wangu siku aliyopata habari ya msiba wa mama yake, nyumba ikanukia kama kwao Unguja. Nilikuwa nalisoma kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko. Sikulinakili popote.