Zamu ya Bura

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje, uvimbe umepungua? Na mahindi hapo Endasak yameota? Mimi napumua. Ester, mdogo wangu, najua wewe ndiye unayemsomea mama. Soma taratibu, na akiwepo mgeni kunja barua kwanza.

Mama, kwenye simu huwa nasema huku ni kuzuri. Simu zetu anakaa nazo msimamizi, na nikipiga anasimama pembeni anasikiliza. Barua hii ataibeba dereva Mkenya anayerudi kwao, aiposti Namanga.

Unakumbuka marehemu baba alipokuwa kwenye lile shamba la ngano la serikali, kabla halijauzwa? Likizo alipata, akiumwa alitibiwa, hata nauli ya kutupeleka kijijini Daudi kwa bibi walitoa wao. Nasi tulivyomcheka na kofia yake ya kazini! Nilipokuwa Kenya kwenye mashamba ya maua, likizo ilikuwa mpaka ugombane, lakini mtu akichoka aliacha kazi akaenda zake. Huku Ghuba chumba kina kiyoyozi na nyama tunakula kila siku. Ila pasipoti zimefungiwa kabatini ofisini, na ukiumwa unapewa siku tatu tu za kulala. Ya nne wanamwita mtu wako.

Hapo ndipo nilipokosea, Mama. Nilipofika waliniuliza, ukishindwa kazi, nani wa kwenu atachukua zamu yako? Mimi mjinga nikawaza kuchunga kwetu, mtu akiugua siku ya zamu yake, ndugu yake anatoka na ng'ombe wa majirani wote, na jioni wanarudi salama. Nikajibu haraka, tena kwa kujisifu: mdogo wangu Bura, ananizidi nguvu. Wakaandika, nikaweka dole gumba.

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mnepali, Kiran. Alianguka kutoka juu ya jengo akaumia mgongo, wakamchukua. Baada ya wiki mbili akaja mdogo wake. Akapewa kitanda kilekile, buti zilezile, na miaka iliyobaki kwenye mkataba wa Kiran. Alituuliza kaka yake yuko wapi. Kila mtu akageukia ukutani, hata mimi.

Mama, nakohoa tangu tuanze kukata mawe. Leo ni siku yangu ya tatu kitandani, na naogopa sana.

Atakuja mtu hapo nyumbani na makaratasi ya Bura tayari. Atataja kiyoyozi na nyama, atasema mimi nimemtuma. Sijamtuma! Bura asiweke saini wala dole. Mpelekeni Gendabi kwa yule mzee Mbarbaig aliyetutunzia ng'ombe mwaka wa njaa, akachunge huko mbali na barabara. Akikasirika, mwambieni kaka yake ndiye mwenye kosa, na anamwomba msamaha.

Nisalimie shangazi wa kule Daudi, mjomba fundi baiskeli, na mzee wa kanisa aliyeniombea siku ya safari. Ester, mkande mama miguu kila jioni kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao,
Paskali

Mama, nimeifungua tena barua. Msimamizi amepita sasa hivi akibadilisha karatasi za majina kwenye vitanda. Ya kwangu ameibandua. Aliyoiweka imeandikwa Bura.