Kilomita Nilizokuficha, Kaka Evarist

Kaka Evarist,

Tangu uondoke, kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga hakuna kiumbe wa miguu miwili anayenishinda. Wa miguu minne wapo wawili: mbuzi wa Mama Zaituni akikata kamba, na mbwa wa pale mashine ya kusaga. Huyo mbwa naye ananishinda kwa sababu ananikimbiza, siyo kwa kipaji. Wiki iliyopita nimepiga kilomita tano kwa dakika kumi na saba na sekunde nne. Usinikunjie uso. Saa iliyopima ni yako mwenyewe, ile ya kioo kilichopasuka. Spesi dada yako alinipa baada ya matanga, akasema wewe ungetaka niivae. Nikaipokea. Nilipaswa kukataa, ila hilo nitalifikia.

Nakuandikia kwa sababu nimekwama. Vijana wa jogging wa Gungu wamepata nafasi ya mtu mmoja kwenda kukimbia marathoni, mbali, safari ya basi ya kutwa nzima, na wamenichagua mimi. Mwezi huohuo kuna mashindano ya mkoa ya mita elfu tano. Mazoezi ya huku na ya kule hayakai kwenye miguu ya mtu mmoja, wewe ndiye uliyenifundisha. Jumamosi wanataka jibu. Na mimi, unayenijua, mtu wa kujibu hata swali aliloulizwa mwenzangu, siku tisa sasa nimenyamaza.

Unakumbuka tulivyojuana? Nilikuja Gungu na kiatu cha mtumba kilichofungua mdomo, nikakukuta kibarazani kwa Spesi unashona soli. Nikakutania kwamba kwenu Burundi watu wote wanakimbia, mpaka mkakimbilia kwetu. Maneno ya mtu aliyeacha shule kidato cha pili. Wewe hukukasirika. Ulibonyeza kisigino cha kile kiatu kwa dole gumba ukasema, "Wewe unatua kwa kelele." Kesho yake nikakufuata barabarani nikuoneshe kelele ni nini. Ulikuwa umenizidi miaka kumi na tano, ukaniacha kabla hatujafika Rusimbi, halafu ukarudi kunichukua. Hilo la kurudi ndilo lililoniuma.

Toka siku ile ukawa mwalimu wangu. Jumanne vipande vitano vya kilomita moja, dakika mbili za kupumua katikati. Alhamisi mwendo wa kati. Jumapili pole pole, saa moja tu, na wewe ubavuni unaniambia "buhoro, buhoro" kama unayembembeleza ng'ombe. Mimi sikutaka buhoro. Nilitaka marathoni. Mtu wa mita elfu tano nani anamjua? Anamaliza watu hawajakaa vizuri. Wa marathoni akirudi mtaani hata wazee wanamtolea kiti. Tulibishana hilo miezi. Wewe ukashika lako: miaka miwili ya mbio fupi kwanza, kasi ijengeke, ndipo nirefushe. "Kasi ina umri, Shabani. Umbali utakungoja hata ukiwa na mvi." Nikakujibu kwamba ukoo wetu hatuoti mvi, tunaota upara. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Sikukuambia kwamba nilikuwa nimeshaanza. Kila siku uliyoandika pumzika, nilipandisha barabara ya Kalinzi peke yangu. Kilomita ishirini, mara ishirini na nne. Jumanne nikija na miguu ya mbao ulinitazama, ukauliza kama nyumbani tunakula. Nikasema chakula kimepungua. Kaka, ukaanza kunigawia ugali wako, ugali wa mtu mwenye kibali cha kutoka kambini kilichokwisha muda. Nikaula.

Hicho kibali. Ulikuwa na nadharia yako, kwamba anayekimbia alfajiri kwa kaptula haulizwi karatasi, anayeulizwa ni yule anayetembea. Ndiyo maana ulipenda kukimbia hapa kwetu kuliko ulivyopenda kwenu. Ukitaka kwenda mahali kwa kutembea, ulinisubiri mimi. Tukikutana na mtu mwenye maswali, mimi naongea, wewe unatabasamu. "Huyu binamu yangu wa Kalinzi, shikamoo mzee, ana aibu kidogo." Nilikuwa hodari wa hilo. Kiha chako kilikuwa na Kirundi ndani yake, neno la tatu tu wanakushika, kwa hiyo ukaniachia mdomo wako. Spesi naye hakuwa na karatasi. Nyumba nzima ile, mdomo ulikuwa wangu.

Basi ile Jumamosi ulipoanza kutetemeka ukasema ni homa ya kawaida, ila kesho yake ungependa kwenda hospitali. Nikakwambia nitakuja na baiskeli saa moja asubuhi, nikubebe nyuma, na wakiuliza nitaongea mimi. Ukasema, "Sawa, nakusubiri."

Watu wanajua nilichelewa. Nilimwambia Spesi baiskeli ilipata pancha, akanipa pole. Akanipa pole, Kaka, huku amekushika kichwa. Tulipokufikisha hospitali alasiri ulikuwa humjui mtu tena. Madaktari walihangaika, siwezi kuwasema. Jumanne asubuhi, saa ya vipande vyetu, ukaondoka. Makaburini nililia kuliko wote, na watu wakasema kijana huyu alimpenda sana. Kweli nilikupenda. Ndiyo maana nashindwa kuivaa saa yako bila kujikuna.

Spesi yupo. Bado anashona nguo za watoto, na akisikia mtu anapita mbio huinua kichwa. Jumapili naenda kwake na nitamwambia yote nitakayoyaandika hapa chini, na akitaka saa nitamwachia. Hospitali akihitaji, au sokoni, au popote pa kutembea, nitakwenda naye kwa saa niliyosema. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Na Jumamosi nitawaambia wale vijana wampe marathoni mtu mwingine. Nitakimbia mita elfu tano, mwaka huu na ujao, kama ulivyopanga. Sitazifanya kama adhabu. Ulikuwa na haki, nami nilijua tangu mwanzo kwamba una haki.

Lala salama, mwalimu wangu. Amahoro.

Baiskeli haikupata pancha. Ile Jumapili niliamka saa kumi na moja, nikaona bado mapema, nikasema nikimbie kidogo barabara ya Kalinzi, nirudi kabla ya saa moja. Miguu ilikuwa myepesi. Kwenye kona ya kugeukia sikugeuka. Nilitaka kuona kama nafika kwenye mibuni bila kusimama, na nikafika, nikashangilia peke yangu kama mwehu. Kurudi, miguu ikakataa. Nilikaa kando ya barabara, nikatembea, nikakaa tena. Nilifika kwako saa saba mchana. Ulikuwa umeketi kizingitini, umevaa shati lako jeupe, umefunga vifungo vyote. Spesi alikuwa amekusihi tangu asubuhi mwende wawili, ukakataa, ukasema Shabani anakuja.