Ubeleko Niliougawa kwa Fundi Gereji

Nuru anaposwa! Nuru wangu, mfamasia, anaposwa!

Haya, sasa ndiyo salamu. Hamjambo. Leo Jumatano, mchana, jua la Kibaha limejificha lakini joto liko palepale, nami nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nilipaswa kuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote pembeni mwa barabara hii ya Morogoro. Badala yake mikono inanuka mafuta ya taa na tangu jana sijatia kitu mdomoni isipokuwa chai.

Nianze na mazuri, maana haki ya kuyasema ninayo.

Mimi niliishia darasa la saba. Nuru amesoma mpaka chuo kikuu, na siyo muuza duka la dawa, ni mfamasia, mwenye koti jeupe lililoandikwa jina lake kifuani. Jirani yangu Mama Rehema anadai nimeshamwambia habari ya hilo koti mara mia. Mwongo yule. Hazijafika.

Kijana anaitwa Idrisa, mwalimu wa sekondari hapahapa Kibaha, mpole, anaamkia watu bila kukumbushwa. Wazazi wake wako Dar, na ndio wanaoleta barua ya posa. Watu wa nyumba kubwa, nimeambiwa, sebule yao unaweza kuegesha gari.

Ndipo balaa lilipoanzia. Kwenye sebule.

Wiki mbili zilizopita Nuru alikuja siku yake ya mapumziko, akasimama katikati ya sebule yangu, akazunguka kama mtu aliyepotea njia. Akasema, "Mama, hao wageni watakaa wapi?"

Nikamwambia, "Kwenye makochi, kwani wewe huwa unakaa wapi?"

"Mimi huwa nakaa kitandani kwako, mama."

Nikatazama. Wallahi ni kama nilikuwa sijawahi kuitazama nyumba yangu. Kochi moja lina mifuko ya nguo. La pili lina redio ya kaseti iliyokufa na feni isiyo na panga. La tatu limebeba godoro. Ukutani kalenda za miaka iliyokwisha, zote, kwa sababu picha zake nzuri. Jikoni ndoo za rangi zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na ndoo. Na chini ya meza, makopo ya maziwa aliyokunywa Nuru akiwa mchanga. Mtoto ana shahada, makopo yake bado yapo.

Nakiri: mimi situpi kitu. Nimekulia Mzenga, nyumba yenye sufuria mbili, moja ya ugali na moja ya kila kitu kingine. Mtu aliyekulia na sufuria mbili ukimpa kopo tupu hawezi kuliona tupu.

Lakini aibu ni kitu kingine. Aibu ilinipa nguvu ambazo sikuwa nazo hata nikiwa msichana. Siku tatu nilitoa, nilitupa, niligawa. Mama Rehema alikuja kunisaidia, yaani alikuja kusimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mama Nuru, huu ni usafi au unahama?"

"Nahamisha umaskini, shoga. Shika huo upande."

Nikajipiga picha nimeshika fagio, sebule nyeupe nyuma yangu, nikazirusha kwenye kundi la ukoo. Nikaandika: nyumba ya mama wa mfamasia. Watu wakapiga makofi ya kwenye simu. Nikajiona malkia.

Yale matambara yaliyochanika, mapazia makuukuu na foronya zenye matundu nilijaza kiroba kimoja, nikampelekea fundi Shabani mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Mafundi wanayataka sana ya kufutia mafuta. Alinishukuru mpaka nikaona nimetoa sadaka.

Hiyo ilikuwa Jumamosi.

Jumatatu mama yangu akapiga simu kutoka Mzenga. Mama mzee sasa, jicho moja lina ukungu na la pili linalifuata, lakini ulimi haujazeeka hata kidogo.

"Upande wako upo?"

Ngoja niwaeleze. Nuru alipozaliwa, mama aliuza korosho za msimu ule akaninunulia doti ya khanga nyekundu ya ubeleko, yaani ya kumbebea mtoto mgongoni. Maandishi yake: NILIYEMBEBA HANIELEMEI. Akaipinda mwenyewe kwa sindano, kwa mkono, maana cherehani hakuwa nayo. Nuru alipoacha kubebwa, tukagawana. Upande mmoja kwa bibi, upande mmoja kwa mama. Kwetu ndivyo tunavyofanya, ubeleko wangu pia uligawanywa hivyo. Siku ya posa pande mbili zinakutana, binti anafunikwa doti nzima, na humo ndani ndimo bibi yake anamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli amekubali. Akijibu akiwa nje ya ile khanga, mama hahesabu kama amejibu.

Na mama ndiye pia aliyenifundisha kutunza vitu. Kitu cha thamani, alikuwa akisema, kifunge ndani ya kitambaa kibovu, mwizi hatakigusa.

Basi mimi niliufunga ndani ya pazia bovu.

Nilikuwa na simu sikioni mama akiniuliza, na macho yangu yakaenda kwenye kona ya chumba pale lilipokuwa lile pazia bovu. Kona ilikuwa safi. Nimeipiga deki mwenyewe.

Nikasema, "Upo, mama."

Upo.

Hilo ndilo linaloninyonga. Kuutupa ni bahati mbaya, Mungu anajua. Lakini "upo" niliisema kwa mdomo wangu, na mama akafurahi. Akasema wake ameshauanika na kuufukiza udi. Akasema akifika kwangu, kabla ya maji ya kunywa, kabla ya kukaa, niuweke wangu mapajani mwake.

Jana asubuhi na mapema nilikuwa gereji, kichwa wazi, ndala moja ya kwangu moja ya Nuru. Fundi Shabani yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana. Nikaieleza ile miguu. Ikasikiliza. Kisha akatoka taratibu akijifuta mikono, na kitambaa alichojifutia kilikuwa chekundu.

"Hii, mama? Hii ndiyo nzuri kuliko zote ulizoleta. Pamba tupu. Inanyonya oili vizuri sana."

Nilikaa chini. Pale pale kwenye mchanga mweusi.

Aliuchana vipande vinne. Sikuweza hata kumgombeza, mtu nimempa mwenyewe kwa mikono miwili na nikapokea shukrani. Alipoona nalia alilaza spana akaanza kutafuta na mimi, tukafukua pipa, tukapekua chini ya benchi, maskini alikuwa akisema "pole mama, pole mama" kama amefiwa yeye. Tukapata vitatu. Cha nne alimfungia dereva wa lori kwenye bomba lililokuwa linavuja, na lori limeshapita Chalinze, limeshapita Morogoro, Mungu ndiye anajua liko wapi.

Tangu jana nafua. Sabuni ya unga, sabuni ya mche, mafuta ya taa, ndimu. Maji yanatoka meusi, natia mengine, yanatoka meusi. Wekundu umerudi kidogo. Weusi haujaondoka. Kipande kimoja bado kinasomeka NILIYEMBEBA. Neno la pili limekwenda na lori.

Mama Rehema leo asubuhi hakuleta utani. Alikuja na upande wa khanga yake mwenyewe, mwekundu, karibu sawa kabisa, akaniwekea mapajani. Akaninong'oneza ingawa tulikuwa wawili tu. "Bibi haoni vizuri. Mpe huu. Nani atajua?"

Namshukuru. Nampenda. Na kwa nusu saa nzima, sitaficha, nilikuwa nimekubali. Niliukunja vizuri. Nikaufukiza hata udi.

Kisha nikapitisha kidole kwenye pindo. Pindo la cherehani, limenyooka kama rula.

La mama limepinda. Alilishona usiku na mchana korosho zikiwa zimeisha na mimi nikiwa nimelazwa, na kila alipochoka mshono ukaruka. Mama hatauona ule upande. Ataushika. Ataupapasa pindo lake mpaka mwisho, kama anavyopapasa uso wa Nuru kila wakikutana, na vidole vyake vitamwambia kwamba mwanawe amemdanganya mara mbili. Halafu hatasema kitu. Ninamjua. Atamfunika mjukuu wake kwa khanga ya jirani, mbele ya watu wa Dar, akiwa amenyamaza.

Hapana. Hilo siliwezi.

Nimemrudishia Mama Rehema upande wake. Nimechukua sindano. Najua kupinda vibaya kuliko mama, lakini naunga vile vitatu, na pale pa cha nne naacha wazi, sitii kiraka. Nuru akifunikwa, pengo litakuwepo. Watu wa nyumba kubwa wataona weusi wa oili kwenye kichwa cha mfamasia wangu, mimi niliyetangaza kwenye kundi la ukoo kwamba nyumba inang'aa.

Waone.

Lakini mama asikutane nalo hapa, mbele za watu. Lazima alisikie kwangu, leo, kabla hajafunga mzigo. Simu iko hapa kwenye ngazi. Nimelibonyeza jina lake mara mbili na mara mbili nimekata kabla haijaita. Nimemzalia mjukuu aliyesoma, nimejenga, nimeweka marumaru, na sentensi moja ya kumwambia mama yangu inanishinda. Nitaanzia wapi? Nianze na pazia? Nianze na samahani?

Nuru, najua wewe ndiye uliyenifungulia ukurasa huu na unausoma ukiwa zamu. Ukiifikia hii kabla sijampigia bibi yako, nyamaza mwanangu. Usimwambie wewe. Hili nimelibeba mimi, acha nilishushe mimi. Na wewe fikiria jibu lako vizuri, maana pengo lisikufanye useme ndiyo kwa haraka ili utoke chini ya ile khanga.

Nimechungulia sebuleni sasa hivi. Makochi yote matatu matupu. Hakuna redio, hakuna godoro, hakuna mfuko hata mmoja. Nafasi imejaa tele, na sijawahi kuiogopa nyumba yangu kama leo.

Napiga simu. Inaita.

Wanakuja Jumamosi.