Siku ya Meli Hatupigani

Mahabusu, Jumatano

Dada yangu Verlyn,

Huku hatujambo. Mishelisheli imezaa mpaka matawi yanavunjika. Mama naye mzima, ila kichwa kinamuuma pale nywele ziliponyofoka.

Jana ilitia nanga meli ya watalii, kubwa kama mlima. Wageni walijaa ufukweni, wakajilaza vitini kuota jua, nami nikawa nawapasulia madafu kwa panga huku nikitabasamu.

Sheria yetu unaijua: siku ya meli hakuna kupigana mbele ya wageni. Ugomvi wowote husubiri honi ya kuondoka. Mumeo Cuthbert anaijua pia, ndiyo maana alikuja mchana kweupe. Akamkamata Mama nywele kando ya meza yangu.

"Sema Verlyn anakaa wapi huko Toronto, nikammalizie meno yaliyobaki."

"Mwachie mama yangu, Cuthbert."

"Nisipomwachia? Leo siku ya meli, shemeji. Tabasamu!"

Nikatabasamu. Mkono wake wa kulia alikuwa ameuegemeza mezani, katikati ya madafu. Nilipiga mara moja tu. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akingoja mrija wake akapiga ukelele. Mchanga ukanywa damu, na muziki haukuzimwa.

Cuthbert yuko hai, hospitalini. Wachuuzi wenzangu wamenikasirikia, lakini si kwa ajili yake. Wanasema ningengoja honi.

Rudi nyumbani, dada. Mkono ulioukimbia haupo tena.

Mdogo wako,
Anselma