Maswali ya Kidonda

Nuku'alofa, Tonga, Jumanne

Kwako Dada Toakase,

Huku hatujambo, nguruwe wetu kazaa, ila shemeji yako Hopoate kidonda cha tumbo hakifungi tangu wampasue. Hospitali huwauliza wagonjwa kama yeye maisha yanawaendeaje, na anayeteseka zaidi ndiye anayepelekwa huko kwenu Auckland kutibiwa. Basi muulizaji nani? Nesi Vaimoana, binti wa baba yake mdogo! Unajua kwetu mambo ya mwili hayatajwi mbele ya dada. Kila swali mume wangu akajibu, "Sijambo kabisa." Wakamwacha nje ya orodha.

Nikapandwa na hasira. Leo wodini, tulipoenda kusafishiwa kidonda, nimemuuliza mimi.

"Harufu inakusumbua?"

"Ndiyo maana siendi kanisani."

"Usiku unalala?"

"Nasubiri ulale wewe, halafu nalia."

Jioni Vaimoana akaninong'oneza nje ya wodi, macho mekundu: "Wifi, daktari amekubali. Anaondoka Alhamisi."

Mpokee uwanja wa ndege, dada. Ila nakuomba, asijue kamwe kwamba Vaimoana alikuwa nyuma ya pazia la kitanda, akiandika majibu yake.

Mdogo wako,
Lesieli