Vifungo vya Shati la Baba

Ndugu yangu Wafula,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kitale, na kwamba vumbi la kinu cha posho halijakumaliza kifua. Mimi sina ugonjwa, ila nimechoka. Nikiketi kula, nasinzia na kijiko mkononi.

Maneno yako ya simu hayajanitoka. Nilipouliza kwa nini Baba haendi kanisani tangu mkono upooze, ulinijibu, "Si unajua Nasimiyu hawezi mshika amfunge shati, bana. Ni mkwe wake. Na mimi niko Kitale. Mzee anasema ati hawezi toka kifua wazi kama mlevi." Simlaumu mke wako. Adabu ya mkwe hakuitunga yeye, na mtoto wenu bado ni wa kubebwa. Lakini nililia, Wafula, tena nikiwa kazini.

Kazi yangu unaijua: namwosha na kumvisha mzee wa Kizungu. Naye mkono wake mmoja umekufa. Alikuwa mwalimu, na ualimu haujamtoka. Juzi nikiwa nimeinama mbele yake nikimfunga shati, mgongo ukiniwaka, akaniuliza kama najua neno "batani" limetoka wapi. Nikamjibu mimi najua zinatoka dukani. Akacheka hadi akakohoa. Akasema Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na kwa hao lilikuwa chipukizi, kile kinachojisukuma kutoka kwenye tawi. Siku hizi hata kitu cha kubonyeza kwenye lifti wanakiita hivyo. Akataka kujua sisi tunasemaje. Kifungo, nikamwambia, kwa sababu kinafunga. Na hata jela ni kifungo. Akaelekeza mkono wake ulio mzima kwenye meza, palipokuwa na kiwaya cha kufungia vifungo.

"Basi nipe kile kiwaya," akasema. "Leo nitajifunga mwenyewe."

Kiwaya kama hicho nimekununulia, kiko ndani ya soksi kwenye mzigo huu. Kina mpini wa mbao na kitanzi mbele. Unapitisha kitanzi kwenye tundu la shati kutoka nje, unanasa kifungo, unavuta. Mkono mmoja unatosha. Mzee wangu anamaliza shati zima chai ikipoa, nami nimekatazwa kugusa.

Ukienda nyumbani Kabuchai mwisho wa mwezi, mwonyeshe Baba mara moja, kisha toka nje. Atatukana, si unamjua? Mwache atukane. Usikimbilie kumsaidia, maana ukirudi Kitale atasaidiwa na nani?

Msalimie sana Nasimiyu, mwambie sina kinyongo naye. Msalimie shangazi yetu wa Misikhu, na umbebe mtoto kidogo kwa niaba yangu.

Na kiwaya kikimshinda Baba, aende kanisani hivyo hivyo. Wakimuuliza, aseme ana binti Uingereza, anamfunga vifungo baba wa wenyewe.

Ni mimi dada yako,
Nekesa