Koti la Ndululu

Kasikeu,
9 Novemba 1984

Mume wangu Ndululu,

Nakusalimu sana huko Mombasa. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Koti lako bado limening'inia nyuma ya mlango, na wakati mwingine nalinusa.

Mahindi ya msaada yalifika. Naibu wa chifu alikataa kuniandika, eti mume wangu ana kazi. Halafu akaniambia polepole kwamba akitaka anaweza kuniandika mjane. Watoto walikuwa na njaa. Nilinyamaza, akaandika.

Sasa kila Alhamisi anakuja kumjulia hali mjane wake. Jana alivaa koti lako. Nilimwambia alivue, akacheka, akasema marehemu havai koti.

Njoo ulivae, Ndululu. Uje mchana, watu wakuone.

Ni mimi mkeo,
Nthenya